Nilichanganya Risasi za Mume Wangu

Sasa, mpendwa mshauri, nilikuwa nimefika pale risasi ilipochana majani juu ya kichwa cha shemeji yangu, wageni wakaingia nikakatisha, naendelea hapohapo, naomba msaada, maana mwenye kosa ni mie na hakuna anayejua.

Mume wangu Albano anawindaga sungura na kanga porini huku nyuma ya Mbagala, kibali anacho, na bunduki yake ndogo, ile ya tuu-tuu, yaani ishirini na mbili, na mdogo wake Kasiani ndiye anayepita vichakani kuwafurusha. Albano alikuwaga hakosi, jamani, kichwa tu, nyama haiharibiki! Sasa mwezi wa nne binamu yake Gaspar akaleta boksi la risasi mpya, akasema shemeji, hizi zinakwenda mbio kuliko zile, mwambie Albano azijaribu kwanza, mie boksi nikalipenda la kuwekea hereni, nikazimimina kwenye mkebe wa zile za zamani, nikasema risasi ni risasi, kama kunde na kunde, na kumwambia nikasahau. Akaniuliza mbona nyingine zinang'aa, nikamjibu nimezisugua na majivu! Tangu hapo akipiga hii anapata, akipiga ile inapita juu, na mara ya mwisho ndiyo hiyo ya Kasiani. Albano akamfokea Kasiani, "Umenifunga mkono kwa dawa wewe!" Kasiani akamjibu, "Kaka, ningejua kufunga ningekufunga mdomo!" Nikacheka mpaka nikakaa chini, nikalisimulia jambo hilo bombani tunapochota maji, sasa mtaa mzima unasema Kasiani mchawi, na Albano kaapa Jumapili wanakwenda tena, akikosa anamfukuza nyumbani. Nikisema ataning'oa masikio kwa kelele, nisiposema, Kasiani wa watu anafukuzwa bila kosa... ngoja, huyo Albano ananiita, "Mama Tekla, lete mkebe!" naja

*

Mama Tekla, pole, ila nimekukasirikia, na nakujibu hewani, hapa redioni, leo hii maana Jumapili ni keshokutwa. Ulipewa ujumbe mfupi ukaukalia, ukauongezea uongo wa majivu. Wewe unayebeba habari zote za bombani, hii moja ikakushinda?

Nimemuuliza mtu aliyewinda miaka mingi. Anasema risasi ya mbio si mbovu, ila kwenye bunduki iliyowekewa shabaha kwa ile ya polepole, hii itapita juu kidogo, na kwenye kichwa cha sungura kidogo hicho kinatosha kukosa. Ukizichanganya, mpigaji hajui tena aamini nini. Uchawi hakuna, na macho ya mumeo ni mazima.

Fanya leo. Mimina mkebe mkekani, zinazong'aa huku, za kijivu kule, mwite Albano azione, umwambie yote, hata majivu. Apige karatasi kwanza, hatua hamsini, nyuma yake pawe na kichuguu, kila aina tano tano, achague moja aiwekee shabaha. Na huo mtindo wa kufyatua huku ndugu yuko kichakani mbele uishe, iwe risasi ya mbio au ya polepole. Bombani nako urudi, ulitengue neno hilo la uchawi kwa sauti ileile.

Atafoka, ndiyo. Vumilia. Ila Jumapili ikikukuta ulimi bado mzito mbele ya mumeo, mshauri usimtafute tena. Mwambie Kasiani mwenyewe ukweli. Yeye ndiye anayetembea mbele ya bunduki.