Fimbo ya Kuvulia Mbuta

Jumatatu, 6 Agosti 2001
Ng'ombe wamekunywa. Chai maziwa kidogo, tena. Barua imefika Kitengela kutoka Homa Bay: baba wa kijana anayemwoa Naisula wetu ananialika tukavue mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, tarehe kumi na nane. Nije na fimbo yangu. Kosa ni langu. Siku ya posa nilisema mbele ya wazee kwamba navua tangu utotoni. Sijawahi kuvua hata chura. Mdomo huu utamharibia binti yangu jina.

Jumatano, 8 Agosti
Nairobi, duka la vifaa vya kuvulia. Mwenye duka akanionyesha kibao kinachofungwa kwenye mshipi wa ndoano. Mashua ikienda, kibao kinapiga mbizi, kinashusha ndoano kule mbuta waliko. Kinavuta sana, akasema, kwa hivyo fimbo iwe na mgongo wenye nguvu na ncha laini. Akanipa ndefu, ncha inacheza kama mkia wa mbuzi.

Nikacheka. Nimechagua fimbo za ng'ombe miaka arobaini. Ikipinda, unaitupa. Nikachukua fupi, nene, ngumu kama mpini wa jembe. Nimeridhika sana.

Jumamosi, 11 Agosti
Majaribio kwenye bwawa la mifugo. Mashua hakuna. Mama Naisula aliongoza mkokoteni wa punda kando ya maji, mimi nimeketi nyuma mkokotenini na fimbo, kibao majini. Kibao kikazama. Fimbo haikupinda hata kidogo, nguvu yote ikaja mikononi. Punda akaona nyasi mbele, akakimbia. Mkokoteni ukaenda naye. Mimi nikabaki na kibao.

Chali, kwenye matope, mbele ya wanawake saba waliokuja kuteka maji.

"Baba Naisula, umeshika wangapi?" mke wangu akauliza.

Najichukia. Punda namchukia zaidi.

Jumatatu, 13 Agosti
Nimebadilisha fimbo. Mwenye duka aliona matope, hakuuliza. Mungu ambariki.

Jumanne, 14 Agosti
Bwawani tena, alfajiri, bila watazamaji. Ile ndefu inainama, ncha inatetemeka kibao kikivuta. Mikono imetulia. Nimebaki mkokotenini! Furaha ya kijinga.

Jumapili, 19 Agosti
Homa Bay. Jana ncha ilitetemeka asubuhi nzima, kisha ikaruka. Niliiona kabla ya mwenyeji wangu. Mbuta mkubwa.

"In-law, kweli wewe uko na mkono," akasema.

Aibu ilinishika. Nikamwambia yote: wazee, bwawa, punda. Alicheka hadi mashua ikayumba. Kisha akaungama lake. Naye siku ile ya posa alisema anajua ng'ombe. Anawaogopa tangu utotoni, na yeye ndiye atakayeleta ng'ombe wa mahari Desemba.

Samaki nimekula. Mifupa mingi.

Nitamchagulia fimbo ya ng'ombe. Ngumu, isiyopinda. Siku hiyo punda nitamfunga.