Umeondoka na Maneno ya Siri ya Wateja Wangu

Mdogo wangu Shija,

Nilitaka kuanza kwa kukutakia pumziko jema, ila hasira hainiruhusu. Utapumzika baadaye. Kwanza nisikilize.

Kompyuta ile niliifuata Dubai mimi. Nikaipakata kwenye treni ya kutoka pwani kama mtoto mchanga, Mirongo nzima ikaja kuishangaa. Kompyuta yangu, chumba changu cha kuchapa! Wewe ulikuja na vidole na kidato cha nne tu. Halafu ukaifunga kazi ya kila mteja kwa neno lake la siri, yote ukayaweka kichwani mwako. Nikikuomba unitajie, unacheka: "Kaka, wewe ukinywa soda tu, mtaa mzima unajua ni ya rangi gani."

Hata hospitalini nilikuuliza. "Nikitoka, kaka." Ukatoka, ndiyo. Tumekubeba.

Natoka matangani, namkuta Mama Nyamizi wa Mkolani kwenye benchi la dukani. Kadi za harusi ya binti yake ulishamaliza kuziandika, ukazifungia humo ndani.

"Pole na msiba, baba. Lakini mwanangu aolewe bila kadi, kama kaokotwa kivukoni Kigongo?"

Nikamwambia asihofu, mtu aliyefika Dubai hashindwi na neno moja. Nikajaribu jina lako, la mkeo, la marehemu baba. Mashine inanijibu Kiingereza cha kunifukuza. Nikaipiga kofi, nikaitukana vile tulivyomtukana yule dume wa baba, mnene, mvivu, aliyekuwa akilala katikati ya njia tukipeleka ng'ombe kunywa maji: "Simama, Waziri!"

Nikashtuka. Nikaandika Waziri. Harusi ikakataa, nikalijaribu kwenye kazi nyingine, ikafunguka ya kwaya.

Ng'ombe! Umewagawia wateja wangu ng'ombe wa baba! Majina tuliyowapa sisi wawili, njaa inatuuma, tunagawana kiazi kimoja. Sijui na Shangazi yumo, yule ng'ombe aliyekuwa akiingia mashamba ya watu bila hodi? Ungeninong'oneza tu pale kitandani, "ng'ombe, kaka", mengine ningemaliza mwenyewe. Badala yake umeniliza mbele ya mteja. Mimi!

Nikawaita mmoja mmoja, kama jioni zile za zizini, mpaka kadi zikafunguka. Mama Nyamizi akauliza, "Neno lenyewe lilikuwa nini?" Nikafungua mdomo nimweleze, na unajua ninavyoeleza. Nikaufunga. Nikasema mashine ilikuwa na joto tu.

Waziri keshajulikana, basi, kwaya nitawapa jina jingine. Lakini ng'ombe wa harusi simtaji, hata hapa. Wewe unamjua. Miaka yote umenicheka, na siku nimeweza kunyamaza hupo uone. Hilo sikusamehe.

Kaa vizuri huko, mjinga wangu. Ukimkuta Waziri amelala njiani, usihangaike naye peke yako. Nisubiri.

Kaka yako mkubwa, mwenye kompyuta