Basi la Tela Lililokuchukua

31 Mtaa wa Hazel,
Feltham.
14 Aprili 2019

Mpendwa Bibi Pauline,

Shikamoo, bibi yangu wa Malta. Nyonga inaendeleaje? Na Babu Wenzu, bado anabishana na redio? Sisi huku wazima, mvua tu ndiyo haituachi. Mimi nimezidi kupendeza, muulize yeyote. Shule ilinishinda, kalamu haijanishinda, basi vumilia mwandiko. Kwenye simu haya hayasemeki, dada yako Beryl akiishika haiachii.

Siku hizi mimi ni fundi kwa Bwana Norris, yule anayefufua mabasi ya zamani. Tumemaliza moja la ghorofa la shirika la ndege la BEA, yale yaliyotoa abiria mjini hadi uwanja wa ndege wa Heathrow huku yakivuta tela la mizigo. Injini nimeifunga mimi. Norris atakwambia tulikuwa wawili, usimsikilize.

Kurudi nyuma na tela, hapo sasa. Niliwaambia wenzangu wasogee waone mwanamume kazini. Nikakata usukani kulia, tela likashika njia yake, uzio wa jirani ukalala chali. Norris hakunigombeza, aliuliza tu kama nimebakisha kingine cha kuwaonyesha.

Jumamosi nikamleta Bibi Beryl alione. Nilidhani atanicheka. Akaenda moja kwa moja nyuma, akaweka mkono kwenye tela. Ndipo akanieleza kwamba mwaka ule wewe ulipomfuata Babu Wenzu Malta, wasindikizaji waliishia kituo cha mjini, kwani basi lilikuwa la wenye tiketi tu. Alikutafuta madirishani asikuone. Alichoona ni tela lenye sanduku lako likikata kona.

Nikamwambia, "Panda, Bibi, leo basi ni langu."

"Lako wewe? Uzio wa watu bado umelala."

Lakini akapanda, mpaka juu, kiti cha mbele, na chai akaletewa hukohuko. Nikamuuliza kwa nini hakuiti uje.

"Pauline ana watu wake kule. Nimsumbue na nyonga yake kwa sababu mimi naogopa ndege?"

Kwa hiyo nakuita mimi, yeye hajui. Kila Jumapili mnaongea hali ya hewa, na kila mmoja anangoja mwenzake aseme. Njoo Septemba. Norris amekubali basi likupokee Heathrow. Ataendesha yeye, ana hofu na uzio wa huko.

Nilimpima Bibi kwa mzaha: Pauline akija, utapanda twende kumchukua?

Akakoroga chai iliyokwisha poa. "Nitapanda. Na safari hii nitakaa dirishani mimi."

Nisalimie Babu Wenzu, na binti yako Rita na watoto wake. Mama na mdogo wangu Shaun wanakusalimu. Mungu akulinde, akuponyeshe nyonga, akulete.

Mjukuu wako akupendaye kuliko wote, Shaun akibisha anadanganya,

Kieran