Sare ya Salma

Ijumaa, 1 Novemba
Kiluvya tena, kwenye banda la muuza mihogo. Nimemkabidhi Salma kwa mama yake, wakaenda zao Kisarawe. Keshokutwa nitamchukua, turudi kwangu Misugusugu. Wikiendi moja kwake, moja kwangu. Mwaka wa pili sasa tangu talaka. Mimi na Rehema tunasemeshana "salama?" "salama", basi.

Salma alivaa jezi nyekundu. Namvalisha makusudi. Ya kwanza aliipoteza hukohuko Kisarawe mwaka jana, nikamchapa. Baba yangu alinivika nyekundu kabla sijatimiza siku arobaini, na mimi nikamfanyia Salma vivyo hivyo. Kwa kina Rehema wote kijani, mpaka mbuzi wao. Hapo siwaachii.

Jumapili, 3 Novemba
Chini kabisa ya begi lake nimekuta jezi ya kijani, imekunjwa ndani ya khanga. Damu imenichemka. Nimemuuliza. Akasema, "Hiyo ya kule, baba."

Kumbe anabadilisha njiani! Miaka tisa namlea ndumilakuwili.

Nimeifanya dekio. Salma mwenyewe ndiye aliyedeki nayo sebule. Hakulia. Afadhali angelia.

Jumatano, 6 Novemba
Tumbo linamuuma Salma tena. Hali chakula. Nimeomba ruhusa kazini, nikampeleka zahanati. Malaria hakuna. Choo kisafi. Daktari akauliza kama kuna jambo linalomtisha mtoto nyumbani. Nikamjibu hakuna. Nilimjibu kwa ukali, sijui kwa nini.

Jumapili, 10 Novemba
Baada ya alasiri nimepita mlangoni kwake. Bado yuko kwenye mkeka, mikono juu. "Ya Rabi, sare. Sare tu, sitaomba kingine."

Nimeona aibu. Kweli sketi yake ya shule imepanda juu ya magoti. Mimi mtumishi wa serikali, natunza mafaili ya watu masjala, mwanangu anamwomba Mungu nguo ya shule! Mbona hakuniambia? Ananiogopa?

Jumanne, 12 Novemba
Nimemnunulia sare. Sketi ya bluu, shati jeupe, na soksi juu yake. Akasema, "Ahsante, baba." Akaikunja, akaiweka. Hata kuijaribu hakuijaribu. Nimeudhika.

Jumatano, 20 Novemba
Bado anaomba sare. Nyingine ya nini? Jumamosi tunacheza na kijani. Ofisini ni tambo tu, hakuna faili linalotoka. Nami natamba kuliko wote.

Jumamosi, 23 Novemba
Tumeangalia mechi nyumbani, mimi na yeye, wote nyekundu. Tumbo limemuuma tangu asubuhi. Tukafunga. Niliruka mpaka stuli ikapinduka. Nikageuka nimkumbatie, hayupo. Yuko chooni anatapika. Dakika za mwisho kijani wakasawazisha. Nikatupa rimoti. Filimbi ikalia.

Salma akainua mikono. "Alhamdulillahi. Sare."

Nikabaki nimesimama. Sare. Bao moja kwa moja. Kumbe hiyo ndiyo aliyokuwa akiiomba, na mimi nikamletea sketi.

Nimemuuliza kwa nini. Amejibu akiangalia miguu yake. "Wakishinda wa kwako, mama hali. Wakishinda wa mama, wewe husemi na mimi mpaka Jumatatu. Wakitoka sare, mnakula wote."

Nimemtisha mwanangu mwenyewe, halafu nikampeleka zahanati wakamtafutie minyoo.

Jumapili, 24 Novemba
Nimeloweka dekio kwenye sabuni ya unga tangu alfajiri. Nimefikicha mpaka vidole vimechunika. Rangi imerudi kidogo. Doa la mafuta kifuani limegoma. Salma alisimama mlangoni akinitazama.

Ijumaa, 29 Novemba
Kiluvya. Salma ametoka shule moja kwa moja, na sketi yake ya bluu. Sikumvalisha jezi.

Nimempa Rehema ile ya kijani ndani ya mfuko. Nikamwambia ukweli: niliifanya dekio, na aliyedeki nayo ni mwanao. Nilingoja matusi. Nilistahili.

Rehema aliishika ile jezi penye doa. Kisha akasema, "Baba Salma, ile nyekundu ya mwaka jana haikupotea. Niliikata. Naiepulia sufuria jikoni."

Nikakumbuka nilivyomchapa mtoto kwa kupoteza nguo ambayo hakuipoteza. Alijua ilipo, wala hakumtaja mama yake. Nimemwomba Salma radhi hapohapo, mbele ya muuza mihogo. Akaitikia kwa kichwa.

"Basi tumetoka sare," nikamwambia Rehema. Hakucheka, ila alinisogezea benchi.

Tuliagiza mihogo sahani moja. Salma aliketi katikati yetu. Alikula yake yote, akamalizia na yangu.