Kioo cha Bi Harusi

Geelong,
Jumapili, 18 Agosti 1974

Mpenzi dada yangu Nevenka,

Pokea salamu zangu na za mume wangu. Mume wangu! Nimeandika maneno hayo mawili, nikaweka kalamu chini, nikacheka peke yangu jikoni kama mwehu. Natumaini joto la Mount Isa halijawakausha wewe na watoto, na kwamba kifua cha shemeji kimepata nafuu. Sisi huku ni wazima, ila baridi inatung'ata masikio.

Dada, ulikosa harusi! Najua nauli na mtoto mchanga vilikuzuia, wala sina kinyongo. Kila mgeni alibandikwa kifuani tawi la rozmari linalonukia, kama desturi ya kwetu, na mama alilia tangu kanisani mpaka nguruwe wa kuchoma alipokwisha. Na Tiho wangu, katika ile suti ya kijivu! Mikono yake ina alama za moto wa tanuri wanakopindia vioo, lakini akinishika ni kama ameshika yai. Asubuhi ananiletea kahawa kitandani, halafu anakaa kunitazama ninavyoinywa. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kufurahi hivi na bado akaenda kazini.

Zawadi iliyonitoa machozi ilitoka kiwandani. Unakumbuka kazi yangu: tunakaa kwenye ukumbi mrefu wa giza, kuna taa moja tu kule mwisho ukutani, nasi tunaitazama kupitia kioo cha mbele cha gari kilicholazwa kama kinavyokaa garini. Ukiona taa moja, kioo ni kizima. Ukiona ya pili, hafifu, imeelea juu ya ile ya kweli, kioo kina kasoro. Sheria yetu ni kwamba jicho moja likikataa, kioo kinavunjwa, hakuna kubishana. Sasa, binti wa ukaguzi akiolewa, wenzake humchagulia kioo kipya cha gari la nyumbani kwake. Yeye haruhusiwi kukikagua, ni mkosi. Anakikagua mwanamke mkubwa kwa umri kuliko wote, kisha wote wanachora majina yao kwenye kona. Kikishafungwa hakivunjwi, maana wanasema akikivunja mwenyewe amevunja ndoa.

Mkubwa wetu ni mama Efthymia, yule Mgiriki mwenye mdomo. Alitoka gizani akapiga makofi, akasema kioo kimetulia kuliko bwana harusi, na kwamba hata kunguru akikichafua nikifute kwa busu.

Basi kikafungwa kwenye gari letu, na kila Ijumaa tukitoka kazini tunaenda Colac, kwenye shamba la viazi la baba mkwe. Siku hizi za baridi giza linaingia mapema. Ijumaa ya kwanza, tulipokaribia kona iliyo kando ya ziwa, niliona mbele yetu taa hafifu. Dada, mimi taa hafifu nazijua kuliko ninavyoijua sura yangu. Ile haikuwa na taa ya kweli chini yake. Barabara ilikuwa tupu. Nikageuza uso nikatazama kwa dirisha la ubavuni: hakuna kitu. Nikarudi kwenye kioo chetu: ipo. Tiho akasogeza gari taratibu kushoto mpaka kwenye majani, akasema anataka nilione ziwa vizuri. Nikamwona ni mwanamume mwenye mapenzi ajabu, nikamwegemea bila kuitaja taa.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa karibu zaidi. Iliyofuata tena, karibu zaidi ya hapo. Na kila mara Tiho alinionyesha ziwa, ingawa giza lilikuwa limeshalimeza.

Nilimwuliza mama Efthymia wakati wa chai kama ana hakika na kile kioo. Alicheka mpaka wenzetu wakageuka, akasema bi harusi asiyelala ataona taa mpaka kwenye supu, na kwamba nimwambie Tiho anipumzishe. Lakini chai yake ilikuwa imemwagikia mkononi, naye hakuifuta.

Sasa nakueleza jambo ambalo mama halijui, na usimwambie. Alhamisi, Tiho akiwa bado ananyoa ndevu, nilichukua nyundo yake nikatoka nje, nikakivunja kioo changu cha harusi. Nilikipiga pale penye majina ya wenzangu. Nilikuwa nalia. Nilijiambia kesho yake taa ile ingetufikia, na afadhali ndoa ivunjike kuliko Tiho.

Alitoka mbio miguu mitupu, sabuni shavuni. Nikamwambia kila kitu. Hakunigombeza, dada. Aliketi kwenye ngazi, akaniuliza kama na mimi niliona kwamba ile taa ilikuwa inayumba. Nikamwuliza inayumbaje. Akasema kama taa iliyoshikwa na mtu anayetembea. Alikuwa ameiona tangu siku ya kwanza. Habari ya ziwa ilikuwa kisingizio tu, alikuwa anampisha huyo mwenye taa. Alinyamaza kwa sababu aliogopa kukikataa kioo cha mkewe.

Kiwandani nilikwenda moja kwa moja kwa mama Efthymia, nikamwambia nimekivunja. Akafanya ishara ya msalaba, akaniambia ahsante. Akakiri kwamba siku ile gizani aliona taa ya pili. Alikosa moyo wa kumkatalia bi harusi, akajiambia kasoro ndogo haiui mtu. Nilipomuuliza mbona basi alimwaga chai siku ile, akasema kwa sababu taa ile haikuwa juu ya taa yetu kama zilivyo zote. Ilikuwa nyuma yake. Ilikuwa mbali kuliko ukuta.

Juzi Ijumaa tulikwenda Colac na kioo kipya, nilichokikagua kwa macho yangu mwenyewe. Tulipofika kwenye kona hatukuona taa yoyote. Tulitazamana: kutomwona si kusema hayupo. Halafu Tiho akapunguza mwendo, akatoka kushoto mpaka kwenye majani, akasimama. Nami nikainamisha kichwa, kama mtu anavyomsalimu mpita njia. Tulipohisi inatosha, tukaendelea, mkono wangu kwenye mkono wake, na nakuapia sijawahi kumpenda kama dakika ile.

Wabusu watoto, mmoja mmoja. Tiho anamsalimu shemeji na anasema chumba chenu cha Krismasi kiko tayari. Tutakupeleka Colac, na wewe utakaa mbele. Tukisimama pale kwenye kona, usiulize. Inamisha kichwa tu.

Ni mimi mdogo wako mwenye furaha,
Dunja