Mgomba Ndani ya Sanda

Mwanangu Projestus amekufa. Gari limepinduka naye huko Amerika, kwenye mashindano ya magari ya zamani ya Ulaya. Alikuwa fundi wa magari hayo, alikuwa anajaribu breki.

Gari lenyewe la Kitaliano, jekundu, limenizidi umri. Alinitumia mimi baba yake video ya gari hilo mwaka jana. Nikamwambia, "Huku lingekuwa banda la kuku." Akacheka. "Tata, huku wanaliosha kuliko watoto wao."

Leo asubuhi mkewe wa huko amepiga simu. Kiswahili chake kidogo, ila nimeelewa. Wamemchoma. Majivu watamwaga kwenye kona ya barabara ya mashindano, eti alitaka mwenyewe.

Nikamwambia, "Mwanangu, kwetu majivu tunamwagia migomba. Niletee hata kidogo." Akalia.

Nafasi ya kaburi lake ipo kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, ubavuni mwa kaburi la mama yake. Niliiacha makusudi.

Hapa mtu hashiki jembe kabla ya maziko. Majirani wamekaa siku kadhaa kwa ajili yangu, maharage yao yanaliwa na magugu. Kaka yangu Kamugisha akasema tuzike mgomba, kama wazee walivyowafanyia waliopotelea ziwani. Nikakataa. Mgomba sio mtoto wangu.

Mchana, kwa ajili ya majirani, nikachukua panga, nikaukata mgomba mwenyewe, kwenye shina alilopanda Projestus akiwa mdogo. Tukaufunga sanda, tukauzika kwenye nafasi yake. Ulikuwa mzito kama mtu. Padri hatujamwambia.

Sasa majivu yakija nitayaweka wapi? Nafasi imejaa.

Majirani wamekwenda kupalilia. Na mimi kesho narudi kwenye kazi yangu ya kupasua mawe.