Injinia Kimaro Alipoombwa Maji

Fundi Haji,

Nimejaribu kuanza kwa ile salamu tunayowatolea walio makaburini, mkono ukakataa. Basi naanza kama nilivyokuwa nikianza kila asubuhi pale dukani kwako Bani Malik: Fundi, nimefika.

Jeddah nimeshaondoka. Siku ile ulipoanguka na pasi mkononi tulikuzika alasiri ileile, na futi yangu ya kupimia ilikuwa bado shingoni. Nilikwenda nayo mpaka kaburini, nikarudi nayo. Kafili, Mwarabu aliyetudhamini, akafunga duka, halas, kwisha, akanihamishia Riyadh kwa ndugu yake anayeshona na kukodisha suti. Nalala Manfuha, chumba kimoja na madereva wawili wa Kikenya. Wananiita Fundi. Kila wakiniita nageuka nyuma, nikidhani unaitwa wewe.

Sasa kuna jambo limenichanganya, na sina mwingine wa kumuuliza.

Alikuja dukani Injinia Kimaro, Mtanzania mwenzetu, mtu wa Moshi, mhandisi wa maji. Kampuni yake ilikuwa na karamu hotelini, naye angepewa tuzo. Kadi ilisema: tai nyeusi au vazi la taifa. Akaniuliza, "Vazi letu la taifa ni lipi, Fundi?" Tukatazamana, tukacheka mpaka machozi. Na tai nyeusi alidhani ni ile ndefu aliyoivaa kwenye msiba wa baba yake, kumbe ni vazi zima la karamu.

Nikamvalisha kama ulivyonifundisha. Koti jeusi lenye kola ya hariri. Suruali yenye utepe ubavuni, bila mkanda. Shati jeupe la marinda. Tai ya kipepeo nikaifunga kwa mkono, maana ulikuwa ukisema, "Ya kubandika ni ya watoto wa harusini." Hata saa nilimvua, kwa sababu ulisema anayetazama saa karamuni anamwambia mwenyeji kwamba amechoka. Alijitazama kwenye kioo, mbele na ubavuni. Kisha akasema, "Mama angeniona leo."

Siku ya tatu akarudisha nguo. Nikamuuliza ilikuwaje. "Nguo ilikaa vizuri, Fundi," akasema. "Ila nimeombwa maji mara tatu."

Wahudumu wote walivaa koti jeusi na kipepeo. Wenyeji walikuwa na kanzu na majoho yao, na wale Wazungu wengi walikuja na suti za kazini, wengine hata tai hawakuvaa. Wa kwanza alipomwomba maji, Injinia alicheka, akamwelekeza meza ilipo. Kwa wa pili Injinia hakucheka tena. Wa tatu, mama mmoja wa ofisi nyingine, hakuuliza kitu, alimpa glasi tupu bila kumtazama. Naye akaipokea.

"Kwa nini uliipokea?" nikamuuliza.

"Hata mimi sijui. Mkono ulikwenda wenyewe."

Akaipeleka jikoni. Akiwa humohumo jikoni, jina lake likaitwa. Fundi, alikwenda kupokea tuzo yake akitokea mlango wa jikoni! Watu wakapiga makofi, wengine wakitazamana. Yule mama akanyanyuka nusu kama anayetaka kusema kitu, akakaa tena.

Tangu hapo nalipangua koti lile kichwani, mshono kwa mshono. Kola ya mhudumu haina hariri. Tai yake ni ya kubandika. Hana kitambaa mfukoni. Alama zote zilikuwepo, nilizihakikisha mwenyewe. Hivi, kosa lilikuwa la nguo? Langu? Au hawakuitazama nguo kabisa, walimtazama uso wakatosheka? Uliwahi kunieleza kwamba Unguja uliwashonea wageni wa hoteli na wahudumu wao pia. Nilipokuuliza tofauti, ulikata uzi kwa meno ukasema, "Mgeni hana haraka." Injinia hakuwa na haraka, Fundi. Ulikuwa unalijua hili ukaninyamazia? Nimekukasirikia siku mbili nzima, kisha nikaona haya. Mtu anamkasirikiaje aliyemzika?

Nikamwambia Injinia kwamba karamu ijayo nitamtafutia kitu kingine, labda koti la rangi ya maziwa, labda kanzu. Akatikisa kichwa. "Mafi kanzu, hakuna kanzu," akasema. "Nishonee ileile. Nyeusi, hariri, kila kitu. Iwe yangu, si ya kukodi. Na tai nifundishe kuifunga mwenyewe."

Sikumwelewa, na mpaka sasa simwelewi vizuri. Lakini nilipokuwa nampima kifua alisimama wima namna ambayo sijawahi kuona mteja akisimama.

Pumzika, Fundi wangu. Mungu akupe nafasi pana huko uliko. Nakuahidi koti hili nitalishona kwa mkono kila panapotakiwa mkono, na matundu ya vifungo sitayapeleka mashine. Akiombwa maji tena ndani yake, sitajua la kumwambia. Kitambaa kiko mezani. Kesho nakata.

Mwanafunzi wako,
Sefu